Kiti Bila Kubuki: Jinsi ya Kukaa Kwenye Treni za Japani

Safari hii naweka kando siasa za kaunti na bei ya samaki, niandike jambo la faida kwa wasafiri. Kwa muda sasa watu wa hapa kwetu wanaokwenda Japani wamekuwa wakiniuliza swali moja: je, mtu aweza kupanda treni kule bila kuweka nafasi, na bado akapata pa kukaa? Wanaouliza si watalii wenye pesa za kumwaga. Kuna vijana wanaokwenda kusoma kwa ufadhili, kuna wafanyabiashara wa magari wanaokwenda Yokohama na Nagoya, na kuna mama mmoja wa Majengo ambaye binti yake yuko Hiroshima, naye amekusudia kwenda kumtazama inshallah.

Mimi kazi yangu ya uagizaji magari imenifikisha kule mara mbili, na reli ndiyo niliyoitumia zaidi. Jibu fupi ni kwamba, naam, yawezekana. Lakini inategemea treni gani, siku gani, unapandia wapi na umesimama mlango upi. Hebu tuyachambue moja moja.

Kiti cha uhuru na kiti cha namba

Sisi tuliozoea Madaraka Express twajua kila tiketi ina namba ya behewa na namba ya kiti. Ukikuta mtu amekaa pako, wamwonyesha tiketi, anainuka. Japani mambo yamegawika. Treni nyingi za masafa, ikiwemo ile ya mwendo kasi iitwayo Shinkansen, zina mabehewa ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya viti vilivyowekwa nafasi, wao huita shiteiseki. Aina ya pili ni jiyuseki. Neno jiyu maana yake ni uhuru na seki ni kiti, kwa hivyo ni kiti cha uhuru: anayefika kwanza ndiye anayekaa.

Maandishi yake ni haya: 自由席. Yakariri kama picha, au yapige picha kwenye simu, kwa sababu utayaona kwenye tiketi, kwenye ubao wa jukwaani na ubavuni mwa behewa.

Tiketi ya kiti cha uhuru haikufungi kwenye treni moja. Ni ya siku hiyo na njia hiyo. Ukiona treni ya saa nne imejaa, waiacha uende na inayofuata. Hili ndilo linalowapendeza watu ambao mipango yao haijulikani, mfano wewe unayekwenda mnadani na hujui utamaliza saa ngapi.

Bei nayo hupungua kidogo. Kutoka Tokyo hadi Shin-Osaka, safari ya kilomita 515 hivi, nauli ya kiti cha uhuru imekuwa yeni 13,870. Ukiweka nafasi kwenye Hikari siku za kawaida ni yeni 14,400, na kwenye Nozomi ni 14,720. Tofauti yenyewe, kama uonavyo, ni yeni mia kadhaa tu. Zikumbuke hizi mia kadhaa, kwa maana nitazirudia.

Zitambue treni zisizo na kiti cha uhuru

Kabla ya kununua chochote, jua kwamba ziko treni ambazo viti vyake vyote ni vya kuweka nafasi. Ukielekea kaskazini, upande wa Sendai na Aomori, treni ya Hayabusa haina hata behewa moja la uhuru. Komachi ya kwenda Akita ni hivyo hivyo. Tsubasa ya Yamagata nayo iliingia kundi hilo mwaka 2022. Ukielekea Kanazawa, Kagayaki ni ya kuweka nafasi yote.

Dawa yake ni kutafuta dada zao wa polepole. Kwa Sendai panda Yamabiko. Kwa Kanazawa panda Hakutaka. Zasimama stesheni nyingi zaidi, lakini zina viti vya uhuru na zitakufikisha.

Kwa hizi treni za nafasi tupu, viti vikisha vyote huuzwa tiketi ya kusimama. Maana yake umeruhusiwa kupanda, lakini kiti hujanunua. Usije ukadhani ni jiyuseki ukaanza kugombana na mwenye namba yake.

Nozomi, Hikari au Kodama?

Njia kuu ya Tokyo, Nagoya, Kyoto na Osaka, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, ina treni za aina tatu. Nozomi ndiyo ya haraka, husimama stesheni chache na hufika Shin-Osaka kwa takriban saa mbili na nusu. Hikari husimama zaidi. Kodama husimama kila stesheni, na hapa na pale husubiri dakika chache ili wenziwe wa haraka wapite. Zote tatu kwa kawaida zina mabehewa 16 na viti 1,323.

Sasa hapa ndipo panapohitaji hesabu. Zamani Nozomi ilikuwa na mabehewa matatu ya uhuru, la 1 hadi la 3. Tangu Machi 2025 yamebaki mawili, la 1 na la 2. Behewa la 1 lina viti 65 kwa sababu ndani yake mna chumba cha dereva, na la 2 lina viti 100. Kwa jumla ni viti 165 kati ya 1,323, na ndivyo vinavyogombewa na kila asiyeweka nafasi. Hikari ina mabehewa matano ya uhuru, la 1 hadi la 5, na Kodama ina mengi zaidi.

Nauli ya kiti cha uhuru ni ile ile kwa zote tatu. Kwa hivyo wewe usiye na haraka, usikimbilie Nozomi kwa sababu tu ndiyo yenye jina. Panda Hikari. Na kama una muda wa kutosha na unataka kukaa kwa raha, Kodama ndiyo rafiki yako. Itachukua kama saa nne hadi Osaka, lakini nafasi ya kupata kiti ni kubwa sana.

Zijue siku za msongamano

Wajapani wana misimu mitatu ya kurudi makwao, kama vile sisi tunavyojaa kwenye mabasi ya Lamu na Malindi ikikaribia Idi. Wa kwanza ni mwisho wa Desemba na mwanzo wa Januari. Wa pili ni mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, wao huuita Golden Week. Wa tatu ni Obon, katikati ya Agosti.

Tangu mwisho wa mwaka 2023, Nozomi zote hugeuzwa kuwa za kuweka nafasi tupu katika misimu hiyo. Mwenye tiketi ya uhuru anaruhusiwa kupanda, lakini atasimama kwenye ujia wa karibu na milango, na kiti hana. Hikari na Kodama hubaki na mabehewa yao ya uhuru, ila kwa umati ule usitarajie miujiza. Zaidi ya misimu hiyo, Ijumaa jioni na Jumapili jioni pia ni nyakati za kuepuka. Siku ya katikati ya wiki, baina ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, nimekuta viti vitupu hata kwenye Nozomi.

Jukwaani

Sasa umenunua tiketi yako. Yafuatayo ndiyo yatakayoamua kama utakaa au utasimama.

Kwanza, pandia treni inapoanzia. Ukienda magharibi, panda Tokyo yenyewe, usisubiri Shinagawa wala Shin-Yokohama. Treni ikifika huko, wenzako wa Tokyo washakaa. Ukirudi, Shin-Osaka ni bora kuliko Kyoto kwa hesabu hiyo hiyo. Lakini angalia: baadhi ya Nozomi zinazopita Shin-Osaka zimetoka Hakata, kwa hivyo zafika zikiwa na watu tayari. Uliza au soma ubao upate inayoanzia pale pale.

Pili, jua mlango wako kabla treni haijafika. Sakafuni na juu ya jukwaa pameandikwa namba za mabehewa, na treni husimama pale pale palipoandikwa. Mabehewa ya uhuru kwa njia hii yako upande wa behewa la 1, ambalo ni la mbele ukienda Osaka na la nyuma ukienda Tokyo. Treni yenyewe ina urefu wa mita 400 hivi, kwa hivyo ukikosea upande utatembea mpaka pumzi ikuishe.

Tatu, ukiwa Nozomi, simama foleni ya behewa la 2, usisimame ya behewa la 1. Viti 100 dhidi ya 65: hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Nne, hesabu watu walio mbele yako. Kila behewa lina milango miwili, kwa hivyo kila foleni ina karibu nusu ya viti. Kama treni inaanzia hapo na mbele yako kuna watu ishirini, wewe ni mwenye kiti. Kama wako sitini, iache. Nyakati za shughuli nyingi huweza kuondoka hadi Nozomi 12 kwa saa moja. Ukiiachia moja iende na kubaki foleni ya mbele kwa inayofuata, umepoteza dakika chache na umepata safari nzima ya kukaa.

Tano, heshimu foleni. Treni ikifika Tokyo, wasafishaji huingia kwanza, na kazi yao ya dakika 7 imekuwa maarufu duniani. Watu husubiri nje bila kusukumana mpaka wamalize. Mwenye haki ni aliyetangulia, awe mkurugenzi au mwanafunzi. Na huwezi kusimamia foleni kwa niaba ya jamaa zako sita ambao bado wananunua chai.

Ndani ya behewa

Viti vimepangwa vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili. Vitatu ni A, B na C. Viwili ni D na E. Vya dirishani huenda kwanza. Kiti B, kile cha katikati, ndicho hubaki mwisho kwa kuwa hakuna anayependa kubanwa. Lakini watengenezaji walilijua hilo, wakakifanya B kiwe kipana kidogo kuliko wenzake. Kwa hivyo ukiwa peke yako na behewa laonekana limejaa, tembea taratibu ukitazama viti vya katikati. Mara nyingi kipo.

Ukikuta kiti kina mkoba, sema: "Sumimasen, koko aite imasu ka?" Yaani, samahani, hapa pako wazi? Mwenye mkoba atauondoa. Usiuondoe wewe.

Ukipata bahati ya kuchagua na waelekea Osaka, kaa E. Kama dakika arubaini na tano baada ya kutoka Tokyo, mbingu ikiwa safi, utauona mlima Fuji upande huo.

Usikae kwenye behewa la kuweka nafasi kwa tiketi ya uhuru ukitumaini hutaonekana. Kondakta ana mashine inayomwonyesha viti vilivyouzwa. Atakuja kwako moja kwa moja, kwa adabu, na utalipa tofauti au utahama.

Watoto walio chini ya miaka sita husafiri bure kwenye mabehewa ya uhuru, hadi wawili kwa kila mtu mzima aliyelipa. Wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu. Kwa familia, hapa ndipo jiyuseki inapookoa pesa za maana.

Mzigo nao una sheria yake. Kwenye njia hii ya Tokyo na Osaka, na zinazoendelea hadi Hiroshima na Kyushu, sanduku ambalo urefu, upana na kimo chake ukijumlisha vyazidi sentimita 160 hutakiwa liwekewe nafasi pamoja na kiti maalumu. Sheria hii ilianza Mei 2020. Asiyefanya hivyo anaweza kutozwa yeni 1,000. Nasi twajijua: mtu wa Pwani hasafiri bila sanduku la zawadi. Lipime nyumbani.

Taa za rangi tatu

Kwenye treni kadhaa za kuzunguka Tokyo, kama Narita Express ya uwanja wa ndege, Hitachi na Azusa, hakuna behewa la uhuru bali kuna mfumo wa taa juu ya kila kiti. Nyekundu maana yake kiti hakijauzwa, kaa. Kijani maana yake kimeuzwa. Manjano maana yake mwenyewe yuko karibu kupanda, jiandae kuhama. Ni kinyume na tulivyozoea barabarani, ambako nyekundu ni kusimama, basi usichanganyikiwe. Unanunua tiketi isiyotaja kiti, unakaa penye nyekundu. Lakini bei ni sawa na ya kuweka nafasi, kwa hivyo ukiwa wajua saa utakayosafiri, chukua kiti chako kabisa.

Treni za mjini

Treni za kawaida za mjini hazina kuweka nafasi. Tokyo kuna njia ya mduara iitwayo Yamanote, yenye stesheni 30 na urefu wa kilomita 34.5. Saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi sahau habari ya kukaa. Nyakati nyingine, jaribu haya: panda mabehewa yaliyo mbali na ngazi, maana wengi huingia pale waliposhukia. Simama mbele ya waliokaa, usisimame mlangoni, na stesheni kubwa kama Shinjuku, Shibuya au Ikebukuro zikikaribia tazama nani anafunga kitabu au anashika mkoba. Na stesheni nyingine zina treni zinazoanzia hapo hapo, wenyewe huita shihatsu. Wafanyakazi wa kule huziacha mbili tatu zipite ili wapate hiyo.

Pembeni mwa kila behewa kuna viti vya wazee, wajawazito, wenye ulemavu na wenye watoto wachanga. Vilianza tarehe 15 Septemba 1973, siku ya kuwaheshimu wazee. Mama zetu wavitumie bila haya. Baadhi ya njia zina pia mabehewa ya wanawake pekee asubuhi, na dada zetu wengi watayapenda.

Nani asijaribu

Yule mama wa Majengo nilimwambia waziwazi: mama, wewe weka nafasi. Kutoka Tokyo hadi Hiroshima ni karibu saa nne kwa Nozomi, na magoti yake ayajua mwenyewe. Kumwambia mzee asimame saa nne ili aokoe yeni mia kadhaa, au hata elfu moja na ushei, si kubana matumizi, ni kumtesa. Aliye na mgonjwa, aliye na mimba kubwa, anayeshika ndege jioni, na anayesafiri katika ile misimu mitatu, wote waweke nafasi. Mashine za tiketi zina lugha ya Kiingereza, na tiketi ya kawaida yaweza kubadilishwa mara moja bila malipo kabla treni haijaondoka. Ukiikosa treni yako kwenye njia hii, kwa tiketi ya kawaida isiyo ya punguzo, huruhusiwa kupanda behewa la uhuru la treni ya baadaye siku hiyo hiyo. Kwa hivyo aliyeweka nafasi hapotezi sana hata akichelewa.

Neno langu

Viti vya uhuru vinapungua mwaka baada ya mwaka. Makampuni yana sababu zao: foleni hupungua milangoni na treni haicheleweshwi. Lakini anayeumia ni yule ambaye kazi yake haina ratiba, aliyepigiwa simu usiku kwamba babake ni mgonjwa, aliyepanga safari asubuhi ya leo. Kiti cha uhuru kilikuwa mlango wake. Natumaini hawataufunga kabisa.

Na tukirudi kwetu, lipo la kujifunza. Mfumo huu hauwezi kusimama siku mbili bila watu kukubaliana kwamba aliyetangulia ametangulia. Sisi Waislamu adabu hii twaijua tangu madrasa: humwinui mtu ukakaa pake, wala huruki mabega ya watu msikitini. Kisha twende pale feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni tujitazame. Hatuhitaji treni ya mwendo kasi ili kupanga foleni, kwani foleni haina gharama.

Wassalaam, na safari njema.